Kistari Katika Safu ya Barafu

Kama kuna mtu aliyezaliwa kusoma miandiko mibaya, basi ni Karani. Asikwambie mtu. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba cha majalada cha hospitali, akisoma yale madaktari waliyoyaandika huku wanakimbia, na haijatokea siku akarudisha jalada akisema halisomeki. Hata wauza dawa walikuwa wanamletea vyeti chini chini awasomee. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu iliyosema pengo lake halitazibika. Yeye hotuba hiyo aliiamini yote, neno kwa neno.

Mwaka wa pili wa kustaafu, kukaa bure kulipoanza kumtia wazimu, akasikia redioni kuna watu wanatafuta wa kujitolea. Kazi yenyewe ni hii: daftari za meli za zamani, zile ambazo maofisa waliandika kila siku upepo unatoka wapi, kipimajoto kinasema nini na barafu iko wapi, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Mtu anakaa nyumbani kwake, anazisoma kwenye kompyuta, anaziandika upya kwa chapa safi. Wataalamu wa hali ya hewa wanazihitaji, maana miaka mia na thelathini iliyopita hakuna aliyekuwa anapima baridi ya bahari za kaskazini isipokuwa hao hao mabaharia. Malipo hakuna. Karani akasema, malipo ya nini, nileteeni huo mwandiko!

Hakwenda peke yake. Alimvuta wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani ambaye naye alikuwa ameshafunga duka na hana la kufanya ila kuwakosoa watu nguo zao barabarani. Kila asubuhi, vyombo vya chai vikishatolewa, wifi aliingia na kompyuta yake ndani ya mfuko wa kitambaa, wakakaa ncha hii na ncha ile ya meza ya kulia, wakaanza. Kule mtandaoni kila msomaji hujichagulia jina. Karani alijiita Karani, angejiita nini kingine? Wifi alijiita Sindano.

Anayesoma kurasa nyingi kuliko wote katika meli fulani hupewa cheo cha Nahodha wa meli hiyo, na kando ya jina lake huwekwa kofia ya kuchorwa, ndogo kama punje ya mchele. Usiicheke. Kofia hiyo ilikuwa ya Karani, kwa kurasa mia sita na kumi na mbili, na wifi alikuwa nyuma yake kwa kurasa ishirini na mbili tu.

"Wifi, wewe nenda chooni ukae kidogo," wifi alikuwa anamwambia. "Ukirudi utaikuta kofia kichwani kwangu."

"Kichwa chako hakina saizi yake," Karani anamjibu, wala hainui macho.

Kanuni kubwa ya kazi ile ilikuwa moja. Kila ukurasa unasomwa na watu watatu, kila mtu kivyake, bila kujua mwenzake ameandika nini. Wawili wakikubaliana, basi hilo ndilo linaloingia kwenye kumbukumbu, na wa tatu ameshindwa kura. Wote watatu wakishaumaliza ukurasa, ndipo jibu la kila mmoja linapoonekana. Katika meli yao wasomaji walikuwa hao wawili, na wa tatu mtu aliyejiita Kobe. Hawakumjua ni nani wala yuko wapi. Walijua tu kwamba ni mpole na kwamba anakwenda taratibu.

Sasa, hapo kwenye "kila mtu kivyake" ndipo meza ile ilipokuwa na walakini.

"Wifi, hii ni tatu au nane?"

"Nane hiyo."

"Haya, nane."

Ndivyo walivyokuwa wanafanya kutwa. Hawakuona ubaya wowote. Watu wawili wa nyumba moja, meza moja, birika moja la chai, wakae kimya kama wamegombana? Na kwa kuwa Karani ndiye mtaalamu, mara nyingi aliyekuwa anauliza ni wifi na aliyekuwa anajibu ni Karani.

Jumanne, zikiwa zimebaki siku tatu meli yao ifungwe na kupelekwa kwa wataalamu, Karani alifika kwenye ukurasa ambao ofisa wa meli alikuwa ameandika hivi: "Leo mchana meli imetoka. Barafu imetushika siku arobaini na moja. Mungu ashukuriwe."

Karani akaangua kicheko. "Wifi, njoo umwone mlevi huyu! Eti barafu imemshika siku arobaini na moja, na siku zote hizo mwenyewe kaandika hakuna barafu."

Wifi hakucheka. "Kaandika hakuna, au kaweka kistari?"

"Si ndiyo hakuna yenyewe?"

Wifi akaguna kidogo, akarudi kwenye skrini yake.

Karani akarudi nyuma kwenye kurasa zile, si kwa sababu ya shaka, la, bali amkamate yule mlevi vizuri. Daftari lilikuwa na safu ya upepo, safu ya joto, safu ya barafu, na safu ya mahali meli ilipo. Siku ya kwanza, kwenye safu ya barafu, ofisa aliandika "barafu nene pande zote". Siku ya pili akaweka kistari kifupi. Ya tatu kistari. Vistari tupu mpaka mwisho. Akatazama safu ya mahali meli ilipo. Tarakimu zilikuwa zile zile, siku baada ya siku. Akatazama safu ya upepo: upepo wa kung'oa mabati. Meli yenye matanga, upepo kama huo, siku arobaini na moja haijasogea hata hatua moja! Imesimama katikati ya bahari inangoja nini, abiria?

Basi barafu ilikuwa imeishika kweli.

Kule hospitalini, daktari akiweka kistari kwenye sehemu ya vidonda au homa, maana yake nimetazama na hakuna kitu. Karani alisoma vistari vya namna hiyo maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo alipokutana na kistari cha ofisa wa meli hakusita hata nukta, akaandika "hakuna". Wifi naye akaandika "hakuna". Kobe peke yake akaandika "kama jana". Wawili kwa mmoja. Mara arobaini.

Chini ya kila ukurasa pana nafasi ya wasomaji kuachiana maoni. Karani, ambaye kwa kawaida hakuwa na muda na maoni ya watu, akayafungua. Siku ya pili Kobe aliandika: "Nadhani kistari hiki maana yake ni kama ya juu yake." Siku ya tano: "Samahani kurudia. Tazameni mahali meli ilipo, haijasogea." Siku ya kumi na mbili akaeleza tena, kwa upole ule ule. Na chini yake pakawa na jibu, na jina la aliyejibu lina kofia ndogo kando: "Kistari ni hakuna. Nimesoma majalada miaka thelathini na moja. Tusipotezeane muda." Chini ya hilo, Sindano: "Naunga mkono."

Neno la mwisho la Kobe lilikuwa kwenye siku ya arobaini na moja. "Tuko watatu na nimeshindwa kura. Nakwenda meli nyingine. Kila la heri."

Lo, aibu! Wiki mbili kabla, mratibu wa kazi yote alikuwa amewaandikia wasomaji kwamba meli yao ina thamani ya pekee, maana mwaka ule hakuna meli nyingine iliyokaa kwenye ghuba ile majira ya baridi. Ramani ya barafu inayochorwa itaitegemea hiyo hiyo moja. Na sasa ramani ingeonyesha maji matupu katikati ya baridi kali, na watu wa miaka mingi ijayo wangeitazama na kuiamini, kwa sababu ya kistari chake.

Mumewe, aliyekuwa kwenye kochi na gazeti, aliposimuliwa hakuona shida iko wapi. "Mama watoto, si umwandikie tu huyo mratibu kwamba kistari ni kama jana? Abadilishe. Kwisha habari."

Karani alilipenda wazo hilo. Tena sana. Alikaa nalo mpaka chai yake ikapoa. Ukilifuata, kofia inabaki, na zaidi ya hapo anaonekana amegundua kitu. Lakini kichwa chake hakikumpa raha. Alifungua meli nzima, akahesabu kurasa nyingine zote ambazo yeye na wifi walimshinda Kobe kura. Ukiacha zile za vistari, zilikuwa mia moja na sita. Huenda katika baadhi walikuwa sahihi. Nani atajua? Kura zile mbili zilitoka kwenye kichwa kimoja.

Akafunga kompyuta, akaizunguka meza, akavuta kiti karibu na wifi yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akamweleza yote, vistari, tarakimu zisizosogea, Kobe. Wifi alisikiliza huku anakunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza.

"Mimi kistari cha kwanza nilikisoma kuwa ni kama jana," alisema wifi.

"Wewe!"

"Mimi. Kwenye daftari langu la vipimo ndivyo nilivyokuwa nafanya. Wakija dada wawili, kiuno kimoja, mabega mamoja, wa pili namwekea kistari. Nilipoona kile cha kwenye barafu nikajua hapa hakuna fumbo."

"Sasa mbona hukusema, wifi?"

"Nilisema." Wifi akamtazama usoni. "Nilikuuliza, wifi, hiki si kama ya juu yake? Ukaniambia, wewe kata vitambaa, makaratasi niachie mimi. Tukacheka."

Karani akajaribu kukumbuka, na akakumbuka. "Tulicheka," alisema.

"Ulicheka," alisema wifi. "Mimi nikaandika hakuna."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Karani. Angetukanwa angejua la kujibu, maana kwa kujibu hajambo. Alikuwa anamwona wifi yake wa miaka yote hiyo kama mtu aliyeingia nyumbani sasa hivi. Ni mara ngapi? Kwenye daftari hili, na kabla ya daftari hili, kwenye rangi za mapazia, kwenye maneno ya familia, ni mara ngapi huyu mtu aliona sawasawa akanyamazishwa kwa kicheko?

"Nisamehe, wifi."

"Nilishakusamehe zamani. Mwombe huyo Kobe."

Karani akapiga moyo konde, akaandika barua mbili. Ya mratibu hakuipamba. Alisema wamekaa meza moja, wameulizana kila ukurasa, kura zao mbili ni moja, na zile za vistari zimekosewa zote. Ya Kobe ilimtesa zaidi. Aliianza mara nne, na mara tatu zile za kwanza alijikuta anaeleza habari za hospitali. Ya nne ikatoka fupi: "Ulikuwa sahihi, nami nilikujibu vibaya mbele za watu. Naomba radhi mbele za watu hao hao. Tafadhali rudi, meli inafungwa Ijumaa." Akaibandika pale pale, chini ya siku ya kumi na mbili, watu wote waione.

Jibu la mratibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. Alishukuru kwa kuambiwa ukweli, kisha akatoa hukumu. Kati yao wawili, mmoja anafutwa kwenye meli hii, kurasa zake zote, wachague wenyewe. Siku zile arobaini na moja zisomwe upya na watu watatu waliotengana kweli kweli, naye mwenyewe atakuwa mmoja wao. Zikikamilika kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, meli inaingia kwenye ramani. Zisipokamilika, inasubiri ramani nyingine, na hiyo haitachorwa kabla ya miaka mitano. Mia na sita zilizobaki atazifunga kwa sasa, zitapata msomaji mpya baadaye.

"Wanifute mimi," alisema wifi. "Mimi nilikuwa nafuata tu."

"Ndiyo maana nafutwa mimi. Macho yako yalikuwa mazima. Kilichoharibu ni mdomo wangu."

Akabonyeza. Kurasa mia sita na kumi na mbili zikawa sifuri, na kofia ikapotea kando ya jina lake kama haijawahi kuwapo. Mumewe akashusha gazeti amtazame, akaona uso wake, akalipandisha tena haraka.

Kobe alijibu Jumatano asubuhi. "Nitarudi. Lakini sisomi ukurasa wowote ambao Karani bado ameushika." Karani alisoma, akaandika: "Nimeshatoka kwenye zote. Karibu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, Kobe wa watu.

Basi wifi akahamishiwa chumba cha wageni, yeye na kompyuta yake na mfuko wake wa kitambaa, na mlango ukafungwa. Siku mbili na nusu zilizofuata Karani hakujua mikono yake aiweke wapi. Alipanga upya kabati la vyombo. Alifuta saa ya ukutani. Alipeleka chai mlangoni, akabisha, akaiacha chini. Mara moja wifi aliita kutoka ndani, "Wifi! Hebu njoo uone hili..." kisha akajikatiza mwenyewe: "Aa, basi, basi, usije!" Na Karani alikuwa ameshafika kwenye kitasa.

"Hata kuchungulia?" mumewe alimuuliza.

"Hata kuchungulia," alisema Karani. "Na wewe usinijaribu."

Ijumaa, saa tisa na nusu, mlango ukafunguliwa. Wifi alitoka na kompyuta kifuani, macho mekundu, mgongo umenyooka. Alikuwa amemaliza. Kobe alikuwa amemaliza tangu asubuhi, na mratibu saa saba. Akaiweka kompyuta kwenye meza ya kulia, na muda si mrefu majibu yakaja: siku arobaini wasomaji wote watatu wamekubaliana, barafu pande zote. Siku moja, ya ishirini na tatu, hawakukubaliana. Kobe na mratibu walikuwa wameandika "kama jana" wakaishia hapo. Sindano aliandika "kama jana", kisha akaongeza "maji wazi kaskazini". Wawili kwa mmoja. Nyongeza ya Sindano haitaingia.

Karani akasimama nyuma ya kiti. Sasa ruhusa ya kutazama ilikuwapo, kusoma kumekwisha. Akautazama ukurasa wa siku ya ishirini na tatu kwa macho yale yale ya miaka thelathini na moja. Aliona kistari. Pembeni aliona mkunjo wa daftari, pale kurasa mbili zinapokutana kwenye mshono, kuna weusi weusi kidogo, kama uchafu. Maneno hakuona. Ulimi ukamwasha. Alitaka kusema, wifi, hapo hapana kitu, huo ni uchafu wa karatasi, tusiwapotezee watu muda, saa inakwenda. Alifungua kinywa kabisa. Akakifunga.

Wifi hakugeuka kumuuliza. Alivuta kompyuta karibu, akaanza kuandika kwa vidole viwili, anatamka kila neno analoliandika.

"Sikubali. Kuzeni picha. Tazameni ndani ya mkunjo, upande wa kushoto, chini ya mstari wa pili. Mimi nimetazama ndani ya pindo za watu maisha yangu yote. Kuna maneno matatu, nje ya safu, yameingia kwenye mshono. Siiondoi nyongeza yangu." Akatuma. Kisha akasema, bado hajageuka, "Na wewe wifi, usinipumulie shingoni."

Karani akarudi nyuma hatua mbili.

Saa kumi na robo, kimya. Saa kumi na nusu, kimya. Mumewe aliacha kujifanya anasoma gazeti, akaja kukaa nao. Wifi alikuwa ameweka mikono mapajani, ametulia kama mtu anayengoja mteja ajaribu nguo anayojua itamkaa. Saa kumi na dakika arobaini, jina la Kobe likatokea.

"Nimekuza mara nne sikuona. Mara ya tano nimeona. Maneno matatu, kama Sindano alivyosema. Nabadilisha yangu."

Dakika tano baadaye meli ilifungwa, ikaenda kwenye ramani na siku zake zote arobaini na moja za barafu, na siku moja kati ya hizo yenye maji upande wa kaskazini. Mumewe Karani alipiga makofi peke yake. "Dada yangu huyo!" alisema, kana kwamba ni yeye aliyemfundisha.

Karani hakupiga makofi. Alikuwa ameinama mbele ya skrini, miwani juu ya paji la uso, miwani puani, tena juu. Aliutazama ule mkunjo kwa karibu, akautazama kwa mbali. Weusi ulikuwa weusi tu. Akavuta kiti, akakaa chini kando ya wifi yake.

"Wifi," alisema, "mimi bado sioni. Nisomee."